Kutafsiri “make” kwa Kiswahili kinachosomeka: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kuna kosa moja ambalo kila mwezi linarudi mezani kwangu. Mfasiri akikutana na “make” kwenye Kiingereza, anaandika “fanya”. Akikutana nayo tena, anaandika “tengeneza”. Mara ya tatu anarudi kwa “fanya”. Ukurasa unaisha, sarufi haina dosari, lakini hakuna mtu kati ya Mombasa na Mbeya anayesema hivyo.

Nimelieleza jambo hili kwa ufupi mara nyingi, na maelezo mafupi hayasaidii. Mtu anasahihisha sentensi moja na kukosea inayofuata, kwa sababu anatafuta neno moja la Kiswahili lililo sawa na “make”. Neno hilo halipo. Kipo kitu kingine cha kutafuta, na hatua zifuatazo zinaonyesha namna ya kukipata. Ni za wafasiri, waandishi wa vipeperushi, watu wa manukuu ya filamu, na walimu wanaosahihisha insha za wanafunzi wanaofikiri kwa Kiingereza.

Utakachohitaji

- Matini nzima, si sentensi moja moja uliyotumiwa kwenye simu.
- Kalamu mbili za rangi tofauti, au rangi mbili za kukolezea maneno kwenye kompyuta.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ya Kiingereza kwa Kiswahili itakusaidia mwanzoni, lakini ndiyo pia inayokupa orodha ya maneno kumi bila kukuambia lipi linakaa wapi.
- Daftari la kudumu. Karatasi za kutupa hazifai, na mbele utaona sababu.
- Mtu mmoja mwenye Kiswahili kizuri asiyejua Kiingereza, au asiyekitumia. Huyu ndiye muhimu kuliko vyote. Kama huna, mtafute kabla hujaanza kazi.

Hatua ya 1: Zungushia kila “make”, hata iliyojificha

Pitia matini yote kabla hujatafsiri neno lolote. Zungushia “make”, “makes”, “making”, “maker”, na hasa “made”. Hii ya mwisho huwapita wengi kwa sababu haifanani na mama yake. Zamani ilikuwa na k ndani, “makede”, kisha k ikamezwa. Zungushia pia zilizoungana na neno jingine, kama “ready-made” na “homemade”.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba ukitafsiri huku unasoma, mkono unazoea neno moja na kulirudia. Ukiziona zote kwa pamoja kwenye ukurasa, unagundua mwenyewe kwamba hazifanani.

Hesabu ulizopata na uandike idadi pembeni. Utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Jiulize, mwishoni kuna nini ambacho mwanzoni hakikuwepo?

Hatua zote zinazobaki zinategemea hii.

Asili ya neno inasaidia hapa. “Make” ilitokana na “macian” ya Kiingereza cha kale, ndugu wa “machen” ya Kijerumani na “maken” ya Kiholanzi. Wataalamu wa asili ya maneno huiunganisha na mzizi wa kale sana wenye maana ya kukanda, kama unavyokanda unga au udongo. Mwanzo wake basi ni mkono ulioshika kitu laini na kukipa umbo. Miaka ilivyopita, Waingereza waliacha mkono wakabaki na umbo. Leo “make” haisemi lolote kuhusu namna kazi ilivyofanyika. Inasema tu kwamba kuna kitu kimepatikana.

Kiswahili kilienda upande wa pili. Sisi tunataja mkono. Anayefinyanga hafanani na anayechonga, na anayesonga ugali hafanani na anayepika uji. Kwa hiyo kila “make” uliyoizungushia iulize: kilichopatikana ni nini? Majibu ni manne tu.

Kwanza, kitu cha kushika: chungu, sabuni, nguo, barabara. Pili, tendo: uamuzi, simu, hotuba, kosa. Tatu, hali ya mtu au ya kitu: amelia, amechoka, maji yamechemka. Nne, hakuna kilichozaliwa: mbili na mbili kuwa nne, au kijana anayeonekana atakuwa daktari mzuri.

Andika neno moja juu ya kila duara. Ukishindwa kuamua, soma tena sentensi iliyotangulia. Mara nyingi jibu limelala humo.

Hatua ya 3: Kama ni kitu, tafuta mkono wa fundi

Usikimbilie “tengeneza”. Jiulize kwanza fundi wa kitu hicho mwenyewe anasemaje akiwa kazini.

Mfinyanzi hatengenezi chungu, anakifinyanga. Mhunzi anafua jembe. Mchongaji anachonga kinyago au mtumbwi. Matofali yanafyatuliwa. Mkaa unachomwa. Juisi na mafuta vinakamuliwa, tembo linagemwa, maziwa yanagandishwa yawe mtindi. Ugali unasongwa. Nguo inashonwa, sweta linafumwa. Mkeka wa pwani una matendo mawili: ukili unasukwa kwanza, kisha unashonwa ndipo mkeka utoke. Anayeandika “akina mama wanatengeneza mikeka” hajakosea, ila ameacha nje kazi yote waliyoifanya hao akina mama.

“Unda” ina historia yake. Ni neno la mafundi wa vyombo vya bahari. Huko Matondoni, Lamu, na Nungwi, Unguja, jahazi huundwa. Ndiyo maana inakaa vizuri panapokuwa na vipande vingi vinavyounganishwa kwa hesabu na mpango: kuunda kamati, kuunda programu ya simu, kuunda serikali, kuunda roketi. Usiichanganye na “umba”. Kuumba ni kazi ya Mungu, na panapohusika binadamu hutumika kwa mwili na sura, kama tunaposema mtu kaumbika. Ukiandika kwamba vijana wa chuo fulani “wameumba programu”, msomaji wa dini yoyote atasita.

“Tengeneza” yenyewe ilitokana na “tengenea”, yaani kukaa sawa, kuwa katika mpangilio. Kutengeneza ni kukifanya kitu kikae sawa. Ndiyo sababu fundi redio anatengeneza redio wala hajaunda hata moja. Hapo pana mtego mkubwa, kwa sababu msomaji akiona “tengeneza” anaweza kuelewa kurekebisha kilichoharibika. “Make the bed” ni kutandika kitanda. Ukiandika “tengeneza kitanda”, umemwita seremala.

Bado “tengeneza” ina nafasi yake halali: bidhaa za kiwandani, na vitu visivyo na kitenzi chao maalumu. Sabuni inatengenezwa, dawa ya meno inatengenezwa, magari yanatengenezwa. Itumie hapo bila wasiwasi.

Vipi kuhusu jirani yake “make”, yaani “produce”? Neno hili lilitoka Kilatini, likiwa na maana ya kuongoza kitu mpaka mbele za watu. Wafasiri karibu wote huliandika “zalisha”. Lakini “zalisha” imetoka kwa “zaa”. Mkunga anazalisha. Kiwanda nacho kinazalisha, kwa kuwa uchumi umelizoea neno hilo, na shamba linazaa au linatoa mazao. Mahakamani ni habari nyingine. Mtu akitakiwa “produce documents”, anatakiwa kuziwasilisha. Ukimwambia “azalishe nyaraka”, umemwagiza aghushi. Nimeiona sentensi hiyo kwenye barua rasmi, na aliyeipokea alikuwa na haki ya kuogopa.

Na umeme? “Kuzalisha umeme” inaeleweka kila mahali, lakini sikiliza Watanzania walio karibu na kazi hiyo: wanasema kufua umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya kufua umeme, yenye uwezo wa megawati 2,115. Ni kitenzi kile kile cha mhunzi na jembe lake. Hilo ni neno la kulitunza.

Utajua umefaulu katika hatua hii pale fundi wa kazi hiyo atakaposoma sentensi yako bila kukurekebisha. Kama huna fundi karibu, nenda sokoni ukasikilize. Dakika kumi kwa muuza vyungu zinatosha.

Hatua ya 4: Kama ni tendo, tupa “make” ubaki na tendo lenyewe

Kiingereza kinapenda kuchukua nomino na kuisukuma kwa “make”. Katika Kiswahili, mara nyingi tendo lenyewe ni kitenzi tayari. “Make a decision” ni kuamua. “Make a mistake” ni kukosea. “Make a promise” ni kuahidi. “Make sure” ni kuhakikisha. “Make progress” ni kupiga hatua au kuendelea.

Pasipo na kitenzi kimoja, tuna vitenzi vya kubebea: piga, toa, weka, tia, leta. Simu inapigwa, na kelele hali kadhalika. Hotuba inatolewa, miadi inawekwa, sheria inatungwa kisha inapitishwa. Wosia unaandikwa. Mabadiliko yanaletwa, na hivyo ndivyo unavyotafsiri “make a difference”. Tafadhali usiandike “kufanya tofauti”, maana inasomeka kama ubaguzi.

Pesa nayo inastahili sentensi zake. Mtu anapata pesa, anaingiza pesa, anachuma mali. “Kutengeneza pesa” imeenea mitaani na mtandaoni, najua, na vijana wananiambia nimepitwa na wakati. Lakini kwenye mkataba au ripoti ya fedha bado inanukia noti bandia. Huko iepuke.

Hatua ya 5: Kama ni hali, tumia kauli ya kutendesha

Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoanguka, na ndipo Kiswahili kina nguvu kuliko mahali pengine popote.

Kiingereza kinahitaji maneno mawili au matatu: “make him laugh”. Sisi tunahitaji moja: mchekeshe. Kusababisha tumekuweka ndani ya kitenzi. Choka inazaa chosha, lowa inazaa lowesha, fupi inazaa fupisha, rahisi inazaa rahisisha, safi inazaa safisha. Kila unapotaka kuandika “kumfanya achoke”, simama ujiulize kama “kumchosha” haitoshi. Mara tisa kati ya kumi inatosha.

Pale ambapo kitenzi cha namna hiyo hakipo, tumia “tia” au “leta”. Habari inatia hofu, tabia inatia aibu, dawa inaleta usingizi. Kwenye vipeperushi vya dawa nimesoma “inaweza kukufanya ujisikie usingizi” mara zisizo na idadi. Muuza dawa yeyote angesema: “Hii inaleta usingizi, usiendeshe gari.”

*Tahadhari: vitenzi vilivyohama.* Baadhi ya kauli za kutendesha zimehamia maana nyingine, na zitakusaliti usipozijua.

“Walimsemesha” haina maana kwamba walimlazimisha aseme. Maana yake walimwanzishia mazungumzo. “Alimsomesha” ni kumlipia ada au kumfundisha, wala si kumshurutisha asome. “Andikisha” ni kusajili. “Endesha” ni kuongoza gari au shughuli. “Liza” bado ni kumtoa mtu machozi, lakini Dar es Salaam ukisema “nimelizwa”, watu wanakuuliza wameiba nini. Na “kumzalisha” msichana ni jambo la aibu na kesi, mbali kabisa na uchumi.

Kwa hiyo panapokuwa na shuruti ndani ya “make”, acha kauli ya kutendesha, useme shuruti yenyewe. “They made him sign” ni “walimlazimisha asaini”. Ukiacha neno la shuruti, umempunguzia mtu huyo dhuluma aliyotendewa, na katika ushahidi au habari hilo ni kosa zito.

*Njia ya pili, ambayo wengi hawaitumii: -ki-.* Kiingereza kinapenda kitu kisicho na uhai kiwe mtendaji. Wimbo unamfanya mtu akumbuke, chumvi inamfanya mtoto augue. Mswahili humweka mbele mtu, au jambo lenyewe, kisha analeta sharti. “This song makes me think of home” inakuwa “nikiusikia wimbo huu nakumbuka nyumbani”. “Waiting makes me tired” inakuwa “nikingoja sana nachoka”. Ukiijua njia hii, ukurasa mzima unalegea na kuanza kupumua.

*Na “fanya” je, tuitupe?* Hapana. Ina maskani yake. “Kilichonifanya nije ni hiki” ni Kiswahili safi, cha mtu anayeeleza sababu. “Usimfanye mwenzio mjinga” ni Kiswahili safi pia, kwa kuwa baada ya mtu inafuata nomino inayomtaja alivyogeuzwa. Fanya haraka, fanya bidii, fanya kazi, zote zina haki ya kuwepo. Ninachokataza ni kuiita “fanya” kwa sababu tu Kiingereza kimeita “make”.

Hatua ya 6: “Made” ikifuatwa na “of”, “from”, “by” au “in”

Hatua hii ni fupi, lakini makosa yake yanachapishwa kwenye maelfu ya vifungashio.

“Na” ni ya mtendaji. “Kwa” ni ya malighafi na ya chombo. Ukiandika “chungu kimetengenezwa na udongo”, udongo ndio uliokaa chini ukafanya kazi. Andika “kwa udongo”. Usiandike pia “kutoka kwa mbao”, maana “kutoka kwa” humhusu mtu aliyekupa kitu.

Mara nyingi hata hilo halihitajiki. Kiunganishi cha -a kinamaliza kazi: chungu cha udongo, meza ya mbao, mkate wa mtama, pete ya dhahabu.

Nchi haihitaji kihusishi. “Imetengenezwa Tanzania” inatosha. “Katika Tanzania” inaongeza uzito bila faida.

Ndani ya aya zako, angalia ngeli. Kwenye lebo “imetengenezwa” inafuata neno “bidhaa” hata kama halikuandikwa. Lakini ukishataja chungu, kinakuwa “kimefinyangwa”, na mkeka “umeshonwa”.

Hatua ya 7: Zilizobaki, na zile ambazo hakuna kilichozaliwa

“Make” ikiandamana na neno dogo, maana inageuka kabisa. Usitafsiri vipande. “Make up” ni kuzua au kutunga ukiwa uongo, ni kupatana wakiwa waliogombana, na ikiwa ni sehemu ya jumla ni “kuwa” tu: wanawake ni nusu ya wanachama. “Make out” ni kutambua kwa shida, kama kitu gizani. “Make for” ni kuelekea. “Make off with” ni kutoroka na kitu cha watu. “Make do” ni kujikimu kwa kilichopo.

“Make it” inahitaji muktadha: kuwahi kivuko, kupona, au kufanikiwa maishani. “Make sense” ni kuingia akilini au kueleweka. “What do you make of it?” ni “unalionaje?”

Kuhusu kutunga, ngoja niseme neno moja kwa kuwa nalipenda. Shanga zinatungwa kwenye uzi, samaki wanatungwa kwenye kamba, shairi linatungwa, na jipu linatunga usaha. Mwandishi anayetunga hadithi anapanga punje kwenye uzi. Kila nikilikuta “make up a story”, nafurahi kwamba lugha yetu ilikuwa imeshaandaa picha hiyo.

Methali zina njia yake. “Make hay while the sun shines” haina haja ya nyasi wala jua. Tunayo: udongo uwahi ungali maji. Nayo ni ya mfinyanzi, kwa hiyo umerudi kwenye mkono ule ule uliokanda “make” ya kwanza.

Hatua ya 8: Msomee asiyejua Kiingereza

Usimpe karatasi. Msomee wewe kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, ukiwa umeficha asili ya Kiingereza. Kila anapokunja uso, weka alama bila kubishana naye. Kila anapouliza swali, andika swali lenyewe lilivyo.

Hatua hii nilijifunza kwa mama yangu mdogo. Nilikuwa nimepewa kipeperushi cha kuwasaidia wazazi wa watoto wanaoharisha, tayari kimetafsiriwa na mtu mwingine, nikihariri tu. Kiingereza chake kilikuwa kama hivi:

*Make sure your hands are clean. To make the drink, mix six level teaspoons of sugar and half a level teaspoon of salt in one litre of clean water. Too much salt can make the child worse. Do not make the child drink quickly. Make a new batch every day.*

Na tafsiri iliyonifikia ilikuwa hivi:

*Fanya uhakika kwamba mikono yako ni safi. Kutengeneza kinywaji, changanya vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Chumvi nyingi inaweza kumfanya mtoto kuwa mbaya zaidi. Usimfanye mtoto kunywa kwa haraka. Tengeneza kinywaji kipya kila siku.*

Nilimsomea mama mdogo akiwa anachagua mchele kwenye ungo. Alinyamaza mpaka sentensi ya tatu. Akauliza, “Mtoto anakuwa mbaya vipi, mkorofi?” Sikuwa na jibu. Sentensi ile ndiyo iliyokuwa na onyo la hatari, na ndiyo aliyoikosa.

Tukakaa tukapitia hatua moja moja. “Make” ni tano.

Ya kwanza ni tendo: hakikisha. Ya pili ni kitu, na mkono wake ni wa kukoroga. Ya tatu ni hali, na chumvi haifai kuwa mtendaji, kwa hiyo tumia -ki-: ikizidi. Pia kinachozorota ni hali ya mtoto, wala si mtoto. Ya nne ni hali yenye haraka ndani yake, kwa hiyo “usimharakishe”. Ya tano ni kitu tena, lakini kinachosisitizwa ni upya wake, na Kiswahili kina neno la chakula kilichokaa usiku: kimelala.

Rasimu yetu ikawa hivi:

*Hakikisha mikono yako ni safi. Chukua lita moja ya maji safi na salama, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, visiwe vya kujaa juu, kisha koroga mpaka viyeyuke. Angalia sana chumvi: ikizidi, hali ya mtoto itazidi kuwa mbaya. Usimharakishe kunywa, mpe kidogo kidogo. Kila siku koroga upya, na iliyolala imwage.*

Angalia kilichotokea. “Fanya” hakuna hata moja, “tengeneza” hakuna. Zile “make” tano zimekuwa hakikisha, koroga, ikizidi, usimharakishe, na koroga upya. Zimekuwa chache kwa sauti lakini zimesema zaidi. Hata neno dogo la vijiko visivyojaa, ambalo mfasiri wa kwanza aliliruka, lilirudi lenyewe tulipoanza kufikiria mkono unaopima.

Hesabu sasa idadi uliyoandika katika hatua ya 1. Kila duara liwe na jibu lake kwenye tafsiri, hata kama jibu ni kwamba neno limeyeyuka ndani ya sentensi. Kama duara moja halina jibu, umeruka kitu. Na kwa matini ya afya, sheria au mitambo, mpe mtaalamu wa fani aisome kabla haijachapwa, kwa kuwa Kiswahili kizuri kinaweza kubeba kipimo kisicho sahihi.

Yale mapya uliyoyapata, kama vile kukoroga, kufyatua, kufua umeme na kulala kwa chakula, yaandike kwenye daftari pamoja na sentensi ulimoyasikia na mahali ulipoyasikia. Kamusi hutoa neno peke yake. Daftari lako litakupa neno na watu wake.

Mama mdogo nilimsomea rasimu ya pili jioni ile ile. Safari hii hakuuliza kuhusu mtoto. Aliweka ungo chini, akaniuliza, “Hicho kijiko kidogo ni cha chai au hiki cha mboga?” Nikachukua kalamu, nikaongeza “vya chai”.